Tupeane uzoefu: Ni albamu gani unayoisikiliza siku hizi, kuanzia mwanzo hadi mwisho?

Mwanzilishi wa mada, Lang'ata

Wapenzi wa muziki, hamjambo nyote. Mwezi uliopita simu yangu ilizima, na fundi niliyempelekea mjini alikaa nayo siku tisa, akiniahidi kila jioni kwamba itakuwa tayari kesho. Nyumbani nilibaki na redio kuukuu ya kuchezea sidii, ambayo kitufe chake cha kurukia wimbo unaofuata kilikufa zamani, na ndani yake mlikuwa na sidii moja tu, En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada. Kwa siku hizo tisa, nikipika na nikipiga pasi, niliisikiliza albamu hiyo jinsi ilivyopangwa, bila uwezo wa kuchagua.

Nilikuwa nikidhani naijua. Kama wengi wetu, niliujua wimbo wa "Kothbiro", ambao ulizidi kupata umaarufu baada ya kutumiwa katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, na kila nilipoufungua nilizima mara tu ulipokwisha. Albamu yenyewe ilitoka mwaka 1993 nchini Uingereza, ambako Ogada alikuwa amefika miaka ya 1980 na kuanza kujitafutia riziki kwa kupiga nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane, mitaani. Nilichogundua ni kwamba wimbo huo si wa huzuni kama nilivyouchukulia siku zote nilipousikia peke yake. Ukiusikia miongoni mwa wenzake, nyuzi zile zile nane zikipigwa mara polepole, mara kwa haraka kana kwamba mtu anaita watu ngomani, unatambua kuwa ni mtu anayeyatazama mawingu na kuwaambia wa nyumbani waingize ng'ombe kabla mvua haijafika. Huzuni niliileta mimi, au tuseme iliniletea ile filamu.

Basi naomba tuambizane: ni albamu gani uliyo nayo siku hizi, unaisikilizia wapi na saa ngapi, na ni kitu gani umekisikia ambacho usingekisikia kama ungechukua wimbo mmoja ukaondoka nao? Anayesema albamu zimekufa pia anakaribishwa, mradi atoe sababu.

Mchangiaji wa Umoja

Mimi ni muuguzi, na mwezi huu nimerudishwa zamu ya usiku, kwa hiyo nimeirudia Midnight Train ya Sauti Sol. Nasema nimeirudia kwa sababu mara ya kwanza niliisikiliza ilipotoka, Juni 2020, wakati jiji liko chini ya kafyu na barabara ya Jogoo haina mtu jioni, jambo ambalo asiyeliona hawezi kuliamini. Gari la wafanyakazi lilikuwa likitupitia nyumba kwa nyumba, kimya, kila mmoja na barakoa yake, na mimi nikiwa na hedifoni masikioni. Jina la albamu lilinifaa bila mtu yeyote kukusudia.

Wakati ule nilikuwa nikiruka "Suzanna", kwa kuwa kila dirisha la mtaani kwetu liliucheza hadi nikauchoka. Safari hii nimeuacha upite, na nimeona kwamba mzaha wake unahitajika pale ulipo, kwa sababu albamu ina nyimbo nyingi za mtu anayejihoji na kujitilia shaka, na bila pumziko la namna hiyo ingekuwa nzito kuibeba. Kisha kuna ule wa "Brighter Days", walioimba pamoja na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Mwaka 2020 niliusikia kama ahadi ya mambo mema yajayo. Sasa nausikia kama kuagana, maana hii ndiyo albamu ya mwisho waliyoitengeneza wote wanne kabla ya kila mmoja kushika njia yake. Sijui kama wao wenyewe walilijua hilo walipokuwa wakirekodi, lakini sauti zao zinavyoshikana hapo, mtu anaweza kuapa kwamba walijua.

Mchangiaji wa Kahawa Sukari

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianza kwa kusahihisha swali lenyewe.

Muziki uliotulea hapa Nairobi haukuwa wa albamu. Ulikuwa wa santuri ndogo, zile za mizunguko arubaini na tano kwa dakika, na mara nyingi santuri hiyo ilibeba wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande wa A na sehemu ya pili upande wa B. Upande wa A ulikuwa wa maneno: mwimbaji anaeleza masaibu yake, waitikiaji wanamjibu, gita la solo linaanza kupanda taratibu, na hapo hapo, mtu ukiwa umeshainua bega, sauti inafifia na santuri inakwisha. Ilibidi mtu ainuke, aigeuze, apulize vumbi, aiweke sindano tena, kwa kuwa chemko lilikuwa huko nyuma. Kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote na sikuruhusiwa kucheza na wageni. Nikichelewa kuigeuza, wajomba zangu walibaki wamesimama katikati ya sebule wameshikilia mkao, kama waliopigwa picha. Hadi leo nikisikia wimbo wa benga ambao vipande vyake vimeunganishwa kwenye kompyuta, mkono wangu huinuka wenyewe pale palipokuwa na mkato.

Zinazoitwa albamu za miziki hiyo ni mikusanyiko iliyofanywa baadaye, mara nyingi ng'ambo na kwa ajili ya masikio ya ng'ambo. Chukueni Benga Blast! ya Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, iliyotolewa Uingereza mwaka 1989. Ni mkusanyiko mzuri, ninao, na gita la besi humo ndani linatembea kama mtu mwenye deni anayekwepa njia kuu. Lakini msiniambie nizisikilize nyimbo zile kwa mpangilio wake kana kwamba mpangilio huo ni neno la Misiani. Aliyezipanga ni mwingine. Ni hivyo hivyo kwa Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978: ukinunua leo sidii yenye nyimbo zao mashuhuri, unanunua miaka kadhaa iliyofungwa kifurushi kimoja.

Hata hivyo, nitalijibu swali, nisije nikaonekana mkaidi. Siku hizi nasikiliza Mario ya Franco na T.P.O.K. Jazz, ya mwaka 1985, ambayo nimeipata kwenye vibanda vya santuri vya Soko la Kenyatta. Hii ni santuri ndefu kwelikweli, na wimbo wenyewe unapita dakika kumi bila kukatwa. Franco, akiwa na Madilu System, analalamika kwa niaba ya mwanamke aliyechoshwa na kijana anayemlea, na analalamika bila haraka, kama mzee aliyeketi barazani ambaye anajua hakuna atakayethubutu kuondoka kabla hajamaliza. Sijui Kilingala zaidi ya maneno machache, na sijawahi kuona kwamba nimekosa kitu. Jina lake limebaki hata kwa wasioujua wimbo: jirani zetu wa Tanzania wanamwita kijana wa namna hiyo marioo.

Mwanzilishi wa mada

Mwalimu, nimekubali kusahihishwa. Swali langu lilidhania kwamba kila muziki umetungwa kwa kipimo cha sidii. Ila ningeuliza hivi: yule mtoto aliyegeuza santuri hakuwa akifanya kitu kile kile ninachokisema mimi, yaani kukaa na wimbo hadi uishe? Hukuwa na ruhusa ya kuondoka.

Mchangiaji wa Kayole

Ninaendesha matatu, na nataka mjue kwamba ndani ya gari hakuna albamu. Kuna mseto wa madijei, na wimbo haumalizi dakika mbili kabla haujaingiliwa na mwingine. Siku moja niliuacha wimbo ukaisha wenyewe, pakawa na kimya cha kama sekunde tatu, na abiria mmoja akamwuliza makanga kama spika zimeharibika. Albamu yangu naisikiliza saa kumi na nusu alfajiri, kati ya mahali gari linapolazwa na steji, kabla ya abiria wa kwanza. Ni Testimony 1990 ya Khaligraph Jones, ya mwaka 2018. Ni mtu wa mtaani kwetu, na mambo anayoyasimulia nayapita kwa gari nikiyasikiliza. Safari yenyewe ni fupi, kwa hiyo albamu moja hunichukua takriban siku nne.

Mchangiaji wa Ngara

Mimi ni mwanafunzi, na albamu yangu itamchosha dereva wetu wa Kayole hata kabla hajafika steji. Ni Peel ya KMRU, iliyotoka mwaka 2020. Haina ngoma, haina mwimbaji, na kipande chake cha mwisho, chenye jina la albamu yenyewe, kinazidi dakika ishirini. Ni sauti zinazotanda na kubadilika polepole mno, hivi kwamba hutambui mabadiliko mpaka yawe yameshapita. Niliianza nikitembea kutoka Ngara kwenda mjini, nikashindwa kutofautisha mngurumo uliomo ndani ya albamu na ule wa magari ya mzunguko wa barabara. Nikavua hedifoni mara mbili kuhakikisha. Tangu siku hiyo naisikiliza nikitembea tu, chumbani hainiingii.

Lakini sababu hasa ya kuandika ni hii. Jina halisi la KMRU ni Joseph Kamaru, jina la babu yake, yule Kamaru wa Kangema, Murang'a, aliyefariki mwaka 2018, na ambaye mwaka 1975 aliimba kumlilia J.M. Kariuki baada ya mbunge huyo kuuawa. Mjukuu amekuwa akizitoa upya kazi za babu kwenye intaneti, na mwaka 2022 ukatoka mkusanyiko uitwao Heavy Combination 1966–2007. Nilimchezea nyanya yangu alipokuja mjini kwa matibabu. Hakusema kitu kwa nyimbo mbili za kwanza, kisha akaanza kuzitanguliza beti kabla Kamaru hajazifikia. Nilipomchezea za mjukuu, alisikiliza kwa heshima kama dakika tano, akaniuliza wataanza kuimba saa ngapi.

Kwa hiyo Mwalimu, ninakubali kwamba mkusanyiko si albamu. Ila safari hii, angalau, waliohusika si wageni peke yao. Mjukuu wa mwenye nyimbo yumo.

Mchangiaji wa South B

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Mombasa ninayefanya kazi Nairobi, na albamu yangu ni Mtindo wa Mombasa ya Zein l'Abdin na kundi lake, iliyotolewa mwaka 1990. Huicheza Ijumaa jioni, nikiwa nimefunga milango, kwa sababu rafiki zangu wa hapa wakisikia neno taarabu hungoja mipasho na vinanda vya umeme, na wakikuta udi na mzee mwenye sauti ya taratibu huuliza kama kuna msiba.

Kwetu sisi jambo la kusikiliza hadi mwisho halina mjadala. Shairi la taarabu hufungwa kwa fumbo, na mara nyingi hujui kama mtungaji anamsema ua, jahazi au mtu mpaka umefika beti za mwisho, na hata hapo wasikilizaji wawili wanaweza kutoka na majibu mawili. Aondokaye baada ya ubeti wa pili amesikia habari za bustani tu. Zein alikuwa mzaliwa wa Lamu, akafariki mwaka 2016, na katika upigaji wake wa udi kuna pale anapoyaacha maneno yaning'inie, akacheza na nyuzi peke yake, kana kwamba anampa msikilizaji nafasi ya kulifumbua fumbo kabla ya ubeti unaofuata. Nimeisikiliza albamu hii kwa miaka, na ni mwaka huu tu nilipotambua kwamba nafasi hizo hazilingani: fumbo likiwa gumu, huongeza.

Mchangiaji wa Ngong

Msinicheke. Ninasikiliza Twelve Songs of Christmas ya Jim Reeves, ya mwaka 1963, na ninajua vizuri sana kwamba mwezi huu si Desemba. Marehemu baba yangu ndiye aliyenizoesha, na paa la mabati huku Ngong likinyeshewa asubuhi, sauti ile inakaa mahali pake. Sina la kuongeza.

Mchangiaji wa South C

Yangu ni Nimefika ya E-Sir, ya mwaka 2003. Alikuwa wa mtaa huu, na alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 16 Machi mwaka huo huo akiwa na miaka ishirini na mmoja. Watu humkumbuka kwa zile nyimbo za sherehe zilizotengenezwa na Ogopa Deejays, nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilipoisikiliza nzima wiki iliyopita, kilichonishika ni Kiswahili chake: anarap sentensi zilizokamilika, vina vinakuja bila kuvutwa, na hata akiingiza maneno ya mtaani hayavunji mizani. Dada wa South B angemwelewa. Jambo la ajabu ni kuisikia albamu yenye jina hilo ikiwa ndiyo ya kwanza na ndiyo hiyo tu.

Mchangiaji wa Kahawa Sukari

Mwanzilishi aliniuliza swali nami nimelifikiria kwa siku mbili. Ni kweli, sikuwa na ruhusa ya kuondoka. Lakini kuna santuri moja ambayo sijawahi kuimaliza, na pengine mtanisaidia. Ni ya benga, ya mjomba wangu mkubwa. Lebo ilichanika zamani, kwa hiyo sina jina la wimbo wala la kundi. Upande wa A unalia vizuri. Upande wa B una mkwaruzo mrefu, na sindano huteleza hadi mwisho baada ya sekunde chache. Wajomba waliokuwa wakiucheza hawapo tena wa kunitajia jina.

Mchangiaji wa Ngara

Mwalimu, nina kinasa sauti kizuri. Nikija Kahawa Sukari Jumamosi, tunaweza kuurekodi upande wa A, niupeleke kwa wauzaji wa Soko la Kenyatta wausikilize. Wapo wanaotambua kundi kwa gita tu.

Mchangiaji wa Kahawa Sukari

Jumamosi ni sawa. Njoo kabla ya saa nne, kwa maana umeme wa huku hauaminiki mchana. Kazi ya kugeuza santuri nitaifanya mimi.