MREJESHO: Zile kadi za mbwa za Player's ni halisi au feki?

Wakuu, habari za leo. Niliwauliza kuhusu seti ya kadi 50 za mbwa niliyonunua mnadani hapa Uingereza, zile zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara za John Player & Sons wa Nottingham. Ni seti ya 1931, michoro ya Arthur Wardle. Wengine mlisema nimepigwa.

Nilifuata ushauri wa mdau aliyesema nitumie taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi za kisasa hutiwa kemikali ya kung'arisha weupe, kwa hiyo chini ya taa hiyo hutoa mwanga wa buluu. Za miaka ya 1930 hazina kitu hicho. Nikazima taa za chumbani, nikapitisha moja moja. Zote kimya, rangi ya chai ya maziwa, isipokuwa moja ya terrier (aina ya mbwa) iliyowaka kama shati jipya la shule! Mtu aliziba pengo kwa nakala. Nyuma maandishi ni yaleyale, hadi jina la Imperial Tobacco, kampuni mama ya Player's, kwa hiyo kwa macho tu ningeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu bei, msiote utajiri. Zilichapishwa kwa wingi mno kabla vita havijasimamisha kadi hizi mwaka 1940, na watu walizitunza.

Siuzi. Natafuta terrier halisi. Mwenye ya ziada anicheki inbox.