MJADALA: Boti za rimoti hapa Mombasa, nitro au betri?

Nahodha Mkavu
Wadau salaam aleikum. Hili swala lazuka kila tukikutana ufuoni Tudor na huishia kwa makelele tu, basi leo tuliandike. Kuna vijana wataka kununua boti ya kwanza, mmoja aambiwa chukua nitro, yaani ya injini ndogo inayotumia methanoli iliyotiwa nitromethani, ndio boti ya wanaume, mwengine aambiwa betri. Mimi msimamo wangu nautoa mapema: kwa maji yetu haya ni betri, na wala siongelei kasi.

Sababu ni mkondo. Wanaosifu nitro huko Ulaya wengi wachezea bwawani, maji yamelala, injini ikizima boti yasukumwa na upepo mpaka kando unaiokota. Hapa petu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ikiwa yapwa injini ikakuzimia katikati, boti yashika njia, yapita chini ya daraja la Nyali, yapita Bandari ya Kale, kwaheri. Na nitro huzima, tusidanganyane. Plagi yake ni kiwaya cha platinamu, wakipasha kwa betri ndogo ya volti 1.5, injini ikishika kinabaki chekundu chenyewe kwa ile methanoli, sasa wimbi likirusha maji kwenye kabureta au ile sindano ya kupimia mafuta ukiifunga kidogo tu kupita kiasi, kwisha habari. Ikipinduka ndio balaa, maji yaingia kwenye silinda na maji hayabanwi, ukilazimisha kuwasha wapinda konrodi. Ya betri ikipinduka kama kifuniko umekiziba vizuri kwa tepu haina neno, na ziko zinazojigeuza zenyewe.

Halafu kuna watoto wanaoogelea pale. Boti nyingi za nitro hazina klachi, injini ikiwaka propela yazunguka hata ukiwa umeibeba mkononi. Servo, kile kimota kinachofungua na kufunga kabureta, ikikosa umeme huku mafuta yamefunguliwa, boti yaenda mbio na rimoti yako ni pambo. Na methanoli ni ile ile iliyotiwa kwenye pombe ikaua watu Embu na Kitui 2014, moto wake mchana hauonekani kwa macho. Utaiweka wapi kwenye nyumba ya chumba kimoja?

Moshi wa Kisauni
Kaka umeongea vizuri lakini umeegemea upande. Betri za LiPo, hizo za lithiamu zinazoendesha boti zenu, wazisema kama ni tende za futari. Seli moja ni volti 3.7, kuijaza isipite 4.2, kuitumia isishuke chini ya 3.0, ukizidisha yavimba, ukiitoboa yalipuka moto. Mbona hilo umelimeza? Wauliza methanoli itakaa wapi, na hiyo LiPo wachajia wapi, si chini ya kitanda hicho hicho? Kuagiza nako ni kasheshe, tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zikisafirishwa peke yake kama mzigo hazipandi ndege za abiria, ndio mana wangoja weee.

Mie tangi likiisha natia, nawasha, narudi majini. Wewe dakika chache imekata, wakaa kwenye kivuli cha mkoko ukingoja chaja, na stima ikipotea je? Na usinambie mota ya umeme ina utamu. Kuiweka sindano sawa kwa sikio, huo ndio ufundi, hiyo yenu ni kubonyeza tu.

Jirani wa Ufuo
Samahanini mie sina boti, naishi hapo juu. Huo utamu twausikia alasiri mtoto ndio kwanza amelala. Kanuni za kelele za NEMA, ile mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009. Za betri hata sijui zapita saa ngapi.

Spana Kumi
Mbona hamtaji petroli? Plagi ya cheche, mafuta ya kituoni wachanganya na oili ya tustroku basi. Nitro mafuta yake mpaka uyatafute kwa tochi.

Nahodha Mkavu
Spana, petroli kweli mafuta hayasumbui lakini boti zake ni kubwa na nzito, ikimgonga mtu hatuongei mambo ya plasta tena. Si za anayeanza.

Moshi, la LiPo nakubali. Chajia nje juu ya saruji, usiiache ukaenda kulala, na ukiiweka ibakie kama volti 3.8 kwa seli. Lakini hapo hatari iko mikononi mwako, ule mkondo wa bamvua utaupangia nini? Chumvi yala zote, hiyo sibishi, ila nitro ina kazi mara mbili: uisuuze, tena utie oili ndani, kwa sababu methanoli iliyobaki yavuta unyevu na beringi zaota kutu. Na maji matamu yenyewe twanunua ya mkokoteni, ujue.

Pendekezo langu: nitro ziruhusiwe siku za maji mafu pekee, mkondo ukiwa mdogo, asubuhi, yakiwa yamejaa yamesimama, na mwenye boti awe na mtumbwi tayari.

Moshi wa Kisauni
Maji mafu sawa, na mtumbwi wa mjomba upo. Asubuhi pekee sikubali. Matatu zapiga honi pale kuanzia alfajiri mbona hakuna aliyezitajia NEMA?

Jirani wa Ufuo
Matatu zapita, nyinyi mwazunguka pale pale saa nzima.