Tupeane uzoefu: Siku uliyozungushwa Ngomeni au Mji wa Kale wa Mombasa kama mgeni

mkaa_kibokoni

Naanza na aibu yangu. Nimezaliwa Kibokoni, nimelelewa Kibokoni, na mpaka natimiza miaka thelathini na minane sikuwa nimeingia Fort Jesus, hiyo Ngome yetu, hata siku moja. Nje yake nimecheza mpira, nimekula mihogo ya pilipili na ndimu, nimepita hapo nimebeba jeneza. Ndani, la. Tulihesabu ni mahali pa wazungu na watoto wa shule za bara.

Aliyenitia ndani ni binamu yangu wa Morogoro, alipokuja likizo ya Disemba. Tumesimama pale mlangoni akaniuliza, "Kaka, hii Wareno waliijenga lini?" Nikamjibu, "Zamani sana." Akanitazama tu. Tukakata tiketi.

Tulikuta kundi linazungushwa, nasi tukajibandika nyuma. Mzee mwenye kutembeza wageni akaeleza: ujenzi ulianza 1593, ukaisha 1596, ramani ni ya Mtaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka angani ngome ina umbo la mtu aliyelala. Sawa, yakaingia sikio hili yakatokea lile. Kilichonisimamisha ni aliposema Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895, na jela ikabaki mpaka 1958.

Nyanyangu, Mungu amrehemu, tukimkorofisha alikuwa akisema: "Endelea tu, utatiwa ngomeni." Mimi nikijua ni maneno ya kutishia watoto, kama mtu anavyotaja zimwi. Kumbe bibi yule alikuwa msichana wakati jela yenyewe iko hapo, mwendo wa kutupa jiwe na kwao! Nilibaki nimesimama kwenye jua mpaka binamu akanivuta mkono.

Haya, nawasikiliza. Ngomeni, matembezi ya mitaani, mihadhara, chochote. Mlichokiona nyinyi, si kilichoandikwa kwenye kibao.

mwalimu_wa_ngambo

Mimi nilipeleka watoto arobaini na watatu kutoka Likoni. Feri peke yake ilinizeesha.

Nilijitayarisha na Sultani Yusuf bin Hasan, yule aliyelelewa na Wareno kule Goa kisha akawageuka 1631 akaiteka Ngome. Nikajitayarisha na Waomani walivyoizingira Ngome, Machi 1696 mpaka Disemba 1698, miezi thelathini na mitatu watu wamefungiwa ndani na njaa na maradhi. Watoto walisikiliza vizuri, siwasingizii. Lakini walipoona mifupa ya nyangumi, mimi na Yusuf tukaachwa peke yetu.

Kuna mambo mawili sitayasahau. Lipo pande la ukuta limehifadhiwa ambalo mabaharia wa Kireno walilichora kwa mkaa na ngeu, ule udongo mwekundu: merikebu, watu, samaki. Mtoto mmoja, mtundu wangu mkubwa, akalitazama kwa makini kisha akanigeukia: "Mwalimu, kumbe hata hawa walichora ukutani, na imewekwa makumbusho?" Wiki moja kabla nilikuwa nimemsuguisha ukuta wa darasa. Nikakosa jibu.

Na msichana mmoja mdogo alinyoosha mkono baada ya hadithi yote ya kuzingirwa kule akauliza: "Miezi yote hiyo, choo walikuwa wanakwenda wapi?" Mtembezaji akacheka mpaka akashika ukuta, akasema wakubwa wote anaowazungusha hawajawahi kumuuliza hilo.

Nendeni asubuhi mapema na maji ya kunywa. Huko juu kwenye buruji hakuna kivuli, na mawe ya matumbawe yakishapata jua la saa saba yanarudisha joto kama tanuri.

randa_na_patasi

Mimi ni seremala, kwa hivyo nitasema ya milango.

Mwaka jana shemeji zangu wa Nairobi walitaka kutembezwa Mji wa Kale, tukampata kijana mmoja barabarani, mchangamfu, mdomo mtamu. Simtaji. Msikiti wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa ni wa 1570, alitupitisha kwa dakika moja. Ndia Kuu, mbio mbio. Kila mlango wa nakshi ulipokuwa na mnyororo uliochongwa kwenye ukingo, akituambia, "Hii nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara wa watumwa." Mlango wa kwanza nikanyamaza. Wa pili nikanyamaza. Wa tatu nikamwambia, "Kijana, mimi mwenyewe nimechonga mnyororo huo kwa mlango wa hoteli, watumwa wako wapi?" Utumwa ulikuwepo mjini humu, hakuna wa kulikana hilo, lakini haujathibitishwa na nakshi ya kila mlango.

Basi nikachukua usukani. Nikawaonyesha mfaa, ule mti wa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana, na jinsi fundi anavyomaliza ufundi wake wote hapo kwa sababu ndipo jicho la mgeni linapotua. Nikawaambia waangalie juu ya kizingiti, mara nyingine utakuta mwaka wa Hijria umechongwa, huna haja ya kubahatisha umri wa mlango. Tukachungulia nyumba moja wazi, shemeji akauliza kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba kama ukumbi wa treni. Ni boriti. Dari imebebwa na boriti za mkoko, na mkoko una urefu wake, basi chumba hakiwezi kupanuka kuliko mti. Shemeji yule ni mhandisi; alifurahia boriti kuliko Wareno wote.

Matembezi yakaishia duka la vinyago, tukakaa humo saa nzima, na mwisho bei si ile tuliyopatana. Patana mapema, mbele ya mashahidi. Na mtafute mwenye kitambulisho cha kazi hiyo.

bi_mkubwa_mzizima

Mimi Mombasa nimezaliwa, Mombasa nimezaa, Mombasa nimepata wajukuu, na Ngomeni sijaingia hadi leo hii. Msinicheke.

mkaa_kibokoni

Bi mkubwa, hakuna wa kukucheka, soma hapo juu.

mvuvi_mstaafu_junior

Yangu ni ya mhadhara. Ulikuwa ukumbi mmoja mjini, mada ni ile merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyokuja kuwasaidia waliozingirwa ikazama hapo hapo mbele ya Ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977, na vyombo vyake vingi viko makumbusho ya Ngomeni.

Nilimchukua ami yangu, mvuvi wa miaka mingi. Mhadhara wote Kiingereza. Picha nzuri, lakini wazee wa safu za mbele wamelala mmoja baada ya mwengine, kanzu na kofia, kama msikitini wakati wa hotuba ndefu. Saa ya maswali mama mmoja akasimama akasema, kwa adabu kabisa, "Mwanangu, bahari hii ni yetu, tupe na sisi kwa lugha yetu." Mtoa mada, kwa kweli muungwana, akarudia kwa Kiswahili kifupi. Dakika kumi tu.

Yakhe, ukumbi uliamka! Ami yangu akasimama akaeleza maji ya bamvua yanavyovuta kwenye mlango ule wa bahari, na kwamba baba yake alikuwa akiwakataza kutia nyavu sehemu fulani kwa kuwa hukwama, wala hakuwaambia kuna nini. Mtoa mada akashuka jukwaani na daftari akaja kukaa karibu yake. Tulifukuzwa na mlinzi aliyetaka kufunga.

Sasa kila nikisikia mhadhara nauliza kwanza lugha.

mpanda_boda_mtwapa

Musiishie Ngomeni jamani. Yule mtoto wa mwalimu aliyeuliza choo, mpelekeni Jumba la Mtwana, huku kwetu kaskazini. Ni mji wa karne ya 14, nyumba za mawe chini ya mibuyu, na vyoo na mabirika ya kutawadhia bado utayaona. Msikiti mmoja uko ufuoni kabisa, mawimbi unayasikia ukiwa kiblani. Nilikwenda siku ya kazi, tulikuwa mimi, mtunza mahali na tumbili.

mwalimu_wa_ngambo

Mungu akulipe. Nimeshaandika barua kwa mwalimu mkuu, kichwa cha habari nimeweka "ziara ya historia". Choo sijakitaja.

bi_mkubwa_mzizima

Nimerudi na habari. Jumamosi mjukuu wangu alisoma haya yenu, akanishika mkono, akanipeleka. Magoti yangu hayapendi mteremko ule wa mlangoni, tukaenda polepole. Historia sikuipata sana, mjukuu alikuwa akisoma vibao haraka haraka. Lakini tulipopanda juu upande wa mjini, nikaanza kuhesabu mapaa: msikiti ule, nyumba ya marehemu somo yangu, lile tangi jeusi la jirani. Halafu nikaona kanga zangu mbili kwenye kamba, darini kwangu, ile nyekundu na ile ya manjano. Miaka yote nimezianika pale mbele ya Ngome, na leo ndiyo kwanza naziona.