Wauza pampu za mawimbi, acheni kutuuzia namba za kwenye boksi

Wakuu, hili la pampu za mawimbi, zile zinazobandikwa ndani ya tangi la samaki kusukuma maji, limevuka mpaka. Mtu anaingia dukani, ana tangi la goldifishi la lita 60, anatoka na pampu ya lita 10,000 kwa saa, eti mawimbi yanafaa samaki wote. Uongo mtupu! Goldifishi wa mapezi marefu na beta (samaki mdogo wa mapezi mapana) hawamudu mkondo huo. Wanasukumwa mpaka kwenye kona, wanachoka, wanaacha kula, mapezi yanachanika, halafu mnamuuzia mteja dawa.

Hesabu yenyewe nyepesi. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 ni lita 182, toa mawe na mchanga, shika 150. Samaki wa kawaida wa maji baridi wanatosheka maji yakizunguka mara 5 hadi 10 kwa saa, yaani lita 750 hadi 1,500, filta ikiwa ndani ya hesabu. Matumbawe laini ya maji chumvi mara 10 hadi 20, yale magumu ya matawi mara 30 hadi 50. Wapo wa maji baridi wanaopenda msukosuko, mfano Eretmodus wa Ziwa Tanganyika, anayeishi kwenye mawe ya ufukweni wimbi linapopigia na kifuko chake cha hewa ni kidogo, hivyo hukaa chini bila kuelea. Sasa muuzaji asiyeuliza samaki gani wamo, anashauri nini?

Lita peke yake hazitoshi. Propela pana inatawanya maji, mkondo unakuwa mpole. Mdomo mwembamba, kwa lita zile zile, unatoa mchirizi unaochimba shimo mchangani na kubandua nyama ya tumbawe lililo mbele yake.

La umeme ndilo linaudhi zaidi. Pampu ya 110V, 60Hz (Hz ni mizunguko ya umeme kwa sekunde) ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V, 50Hz, koili, yaani waya wa ndani ya mota, inaungua. Mnasema "weka transfoma". Transfoma inashusha volti, haigusi Hz! Mota ya AC ya pampu hizi inafuata Hz, hivyo kwenye 50Hz inapoteza takriban sehemu 1 kati ya 6 ya mwendo wake.

Sumaku inayoshikilia pampu kwenye kioo nayo: iliyotengenezwa kwa kioo cha mm 8 inateleza kwenye cha mm 12, na pampu ikilala chini inatifua mchanga wote. Ganda la sumaku likipasuka kwenye maji chumvi, toa siku hiyo hiyo, kutu imeshaingia.

Na pampu inayonguruma msiseme "imekufa". Mara nyingi ni chokaa. Chomoa umeme, fungua, loweka propela na ekseli kwenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, saa 1, sugua tundu kwa mswaki, suuza. Kila miezi 3.

Bandikeni kwenye rafu volti na Hz, unene wa kioo, tangi la lita ngapi na samaki gani. Na mliyemwambia ya 110V itafaa, mrudishieni hela yake.