Keshia anazungusha hela za wadeni? Duka la jumla Kigoma, naomba ushauri

Mwanga_Jumla: Wakuu habari. Duka la saruji na sukari, Mwanga. Wateja wa mkopo wako Ujiji, Uvinza na Kasulu. Mzigo unatoka vizuri ila mtaji unakatika. Mteja wa Kasulu ana risiti ya 1,800,000 ya tarehe 3. Kwenye daftari la wadeni imeandikwa tarehe 11. Keshia ndiye anapokea hela, anaandika na kupeleka benki. Miaka mitatu hajataka likizo. Nimfukuze?

Mizania: Tulia kwanza, mkuu. Hizo siku nane ndizo kesi yenyewe. Hela ya Kasulu inaliwa, ya Uvinza ikija inaandikwa kwa Kasulu, ya Ujiji inaziba ya Uvinza. Ukijumlisha daftari linafunga kila jioni, kwa hiyo achana na jumla, fuata tarehe na majina. Toa risiti za miezi mitatu, slipu za benki na taarifa ya Lipa Namba. Kila malipo yapewe mstari mmoja kwenye jedwali: siku aliyolipa, siku iliyoandikwa, siku iliyoingia benki, jina la mlipaji. Jina la mtu wa Uvinza likifuta deni la Kasulu, hapo umeshika mkia. Angalia pia palipoandikwa "mzigo uliorudishwa". Nani anarudisha saruji kutoka Kasulu? Kama stoo haikupokea, deni limefutwa kwa kalamu.

Kibirizi_Kwetu: Mpe likizo yake, siku 28 mfululizo, ni haki yake kisheria. Hela apokee mwingine. Mchezo huu unataka mwenyewe awepo kila siku, asipokuwepo mashimo yanabaki wazi. Badilisha nywila. Wapigie wadeni wewe mwenyewe kuuliza salio, na namba usizitoe kwenye daftari lake.

Mwanga_Jumla: Naweza kukata mshahara wake nifidie?

Kanzu_Nyeusi: Kienyeji hivyo, hapana. Lazima utaratibu ufuatwe na akubali kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Ukimsimamisha kupisha uchunguzi, mshahara unaendelea kamili. Kisha barua ya tuhuma, apewe angalau saa 48 kujiandaa na kikao. Ukiruka hapo ukamfukuza, ana siku 30 za kukupeleka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na unaweza kumlipa fidia mtu aliyekuibia. Polisi ni njia nyingine: wizi wa mtumishi, chini ya Kanuni ya Adhabu. Nenda na jedwali la Mizania na risiti halisi, nakala ubaki nazo.

Mizania: Na kuanzia kesho, anayepokea hela asishike daftari la wadeni.