Rada kongwe za meli za doria: tung'oe mtambo mzima au tubadili ubongo tu?

Fundi wa Ligula (mleta mada): Wakuu, Mtwara kuchele! Naleta hoja iliyotushinda kijiweni. Meli ya doria inaweza kukaa kazini miaka 30, ila kompyuta ya rada yake inazeeka mapema mno. Spea hazitengenezwi tena, aliyeandika programu kashastaafu, na muuzaji anakupangia bei anavyotaka maana huna pa kwenda. Mimi nasema antena, mota na magnetroni (taa inayozalisha mawimbi ya rada) zikiwa nzima zibaki. Ubongo ndio utoke, iwekwe kompyuta ya kawaida ya dukani.

Ukifungua nyuma ya kioo cha rada nyingi za zamani, ishara za maana ni chache tu: mpigo wa mawimbi ya redio umetoka lini, mwangwi wake unaorudi, antena imeelekea wapi, na pua ya meli iko upande gani. Mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 1, kitu kiko mita 150. Kadi moja inageuza ishara hizo kuwa tarakimu, kompyuta inachora picha. Uchoraji huo zamani ulitaka mitambo maalumu. Leo kadi ya michoro wanayochezea vijana gemu inaumudu.

Marekani walishapita njia hii. Meli zao za kivita zenye Aegis, mfumo unaounganisha rada na makombora, ya kwanza USS Ticonderoga iliyoanza kazi 1983, zilitumia kompyuta maalumu za jeshi zenye lugha yake ya programu, CMS-2. Mwaka 1994 Waziri wa Ulinzi William Perry akaagiza waanze kutafuta bidhaa za kawaida za sokoni, vya viwango vya kijeshi viombewe kibali.

Baharia Mstaafu: Malizia hadithi basi. Septemba 1997 USS Yorktown, ya Aegis hiyohiyo, ilikuwa imefungwa kompyuta za kawaida zenye Windows NT. Mhudumu kaingiza sifuri kwenye hifadhidata, programu ikagawanya kwa sifuri, mtandao ukaanguka, meli ikakosa mwendo pwani ya Virginia. Manowari nzima! Sasa wewe unataka ya dukani.

Fundi wa Ligula: Shikamoo mzee wangu. Kisa ni cha kweli, ila pale walifunga mitambo ya mwendo kwenye mtandao huo, na programu haikukagua kilichoingizwa. Mimi nazungumzia kioo cha rada, kisichogusa injini wala usukani.

Mama Duka la Kompyuta, Shangani: Mnaongea kana kwamba kompyuta hazili chumvi. Naletewa laptopu za watu wanaoishi karibu na maji: ukifungua, matundu ya nyaya yameota kutu ya kijani, feni imebeba uchafu wa kunata. Kama ni ya melini, iwe ile ya viwandani isiyo na feni, boksi limezibwa, bodi imepakwa vanishi. Hiyo nayo inauzwa, lakini bei si ya laptopu, msidanganyane. Halafu vya dukani vinazeeka haraka kuliko hivyo vya jeshi mnavyovilalamikia. Windows XP iliachwa Aprili 2014, na bado naletewa mashine zake.

Mvuvi wa Msangamkuu: Mimi naomba kuuliza la kwangu. Usiku meli za makaa ya mawe zinaingia bandarini, sisi tuko kwenye mashua ya mbao. Huo ubongo mpya utatuona?

Fundi wa Ligula: Kiasi. Kusi likichafua bahari, mawimbi nayo yanarudisha mwangwi, kioo kinajaa madoadoa. Programu nzuri inalinganisha mizunguko ya antena: wimbi linahama na kupotea, mashua inabaki. Lakini mwangwi usiofika kwenye antena hakuna kompyuta ya kuubuni, na mbao inarudisha kidogo sana. Tundika juu ya mlingoti bati zilizokutanishwa kwa pembe mraba zirudishe mwangwi, ndugu yangu, usisubiri serikali.

Mwalimu wa Lindi: Kabla hamjaagiza chochote, kumbukeni chenji ya rada. Ile ilikuwa ya kuongozea ndege, tuliuziwa kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 BAE Systems, kampuni ya Uingereza iliyotuuzia, wakakiri kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za mahesabu, na pauni milioni 29.5 zikarudi kuwa vitabu na madawati. Kwangu mimi swali si boksi la dukani au la jeshi. Ni nani anabaki na michoro ya ishara na haki ya kufungua programu. Mkipewa kompyuta ya kawaida yenye programu iliyofungwa, bado mtamlamba miguu muuzaji yuleyule.

Fundi wa Ligula: Mwalimu, hapo umenizidi. Liandikwe kwenye zabuni: bila michoro, hakuna malipo ya mwisho. Na Mama Shangani, dawa ya uzee ni programu isiyoshikamana na mashine moja. Unabadili boksi, programu inahamia.

Baharia Mstaafu: Marahaba, kijana. Mimi sijakubali, ila nakupa sharti. Ishara za antena zigawanye, kioo cha zamani na kipya viwake pamoja, kusi na kaskazi zote zipite, na kila tofauti iandikwe kwenye daftari la zamu. Cha zamani kisizimwe kwa amri ya mtu wa ofisini.