Bangili ya rozari, medali, tasbihi: uliyopewa au uliyompa mtu. Tupeane uzoefu

mama_wawili
Habari zenu wapendwa. Mtoto wangu wa ubatizo anapata Kipaimara mwaka huu, nami ndiye msimamizi wake. Nataka kumpa rozari ya mkononi, ila naogopa isiishie kwenye droo pamoja na hereni zilizokatika.

Yangu nilipewa na msimamizi wangu nikiwa na miaka 13. Punje kumi za mbao, msalaba mdogo, na Medali ya Miujiza ambayo ule mwaka wake, 1830, umefutika nusu kwa kusuguana na ngozi. Ndio mwaka Bikira Maria alipomtokea mtawa Catherine Labouré, Paris. Msimamizi wangu alinifungia mwenyewe mkononi akaniambia, "Hii siyo hirizi. Haitakulinda ukiwa huisali." Uzi umeshakatika mara mbili. Mara ya pili punje moja ilipotea stendi, mama akatoboa mbegu nyeusi ya mtasubihi na sindano ya moto akaiweka pale. Mpaka leo kidole kikifika kwenye ile mbegu najua nimefika Salamu Maria ya saba.

Nyie mlipewa nini, na nani? Na mkatoa nini?

wa_Ngara
Mimi ni rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria, makundi saba ya punje saba saba. Tulikwenda hija Kibeho, Rwanda, tukavukia mpakani Rusumo na basi la parokia. Nilimnunulia mama, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akitusimulia habari za wale wasichana wa shule wa huko waliotokewa na Bikira Maria kuanzia mwaka 1981. Aliisali kitandani miezi minne. Siku za mwisho vidole havikuwa na nguvu, nikawa namsogezea punje moja moja. Tulipokuwa tunamwosha, shangazi aliuliza kama azikwe nayo. Baba akanyoosha mkono tu. Sasa anayo yeye, na kabla hajafiwa sikuwahi kumwona mzee akisali peke yake.

mjukuu_Tanga
Pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu mama.

Kwetu ni tasbihi. Babu alirudi nayo Makka, ya punje 99, harufu ya udi haijaisha. Baada ya kila swala: Subhanallah 33, Alhamdulillahi 33, Allahu Akbar 34. Alitufundisha kwanza kuhesabu kwa vidole, maana ndivyo alivyofanya Mtume (s.a.w.), na akatukataza kabisa kuivaa kwa kudhani inakinga kitu. Nilipoondoka kwenda Muscat kikazi, niliikuta ndani ya begi imefungwa kwenye kitambaa cha leso. Babu alikuwa hajasema neno. Miezi ya kwanza kule, upweke ulinibana, nilikuwa naishika hata nisipohesabu.

Katekista
Naomba niongezee moja la kawaida. Mwaka juzi nilinunua bangili za msalaba za watoto wa Komunyo ya Kwanza, muuzaji akaniapia ni fedha. Wiki tatu hazikuisha, zikageuka kijani, na binti mmoja akatoka vipele mkono mzima. Niliumia sana, kwani watoto walikuwa wanazipenda. Siku hizi nanunua za mbao au za uzi uliofumwa mafundo. Na nampelekea padre azibariki mbele ya mtoto, aone mwenyewe. Mtoto aliyeshuhudia haiachi hovyo.

bodaboda_wa_Songea
Rozari yangu nimeifunga kwenye usukani. Dada yangu alinipa siku nilipopata leseni. Abiria wengine huniuliza, "Na wewe husali?" Nasali fungu moja la Salamu Maria kumi kila asubuhi kabla sijawasha pikipiki.

mama_wawili
Nimesoma zote, ile ya wa_Ngara nimeirudia mara mbili.

Nimeamua. Nilikuwa nimeshaona mpya nzuri dukani, lakini nitampa hii yangu. Usiku huu nimeivua, mkono umebaki na alama nyeupe. Kesho natafuta uzi wa nailoni wa kufumia nyavu, ule haukatiki upesi, niitunge upya. Ile mbegu naiacha palepale kwenye ya saba, na nitamweleza imetoka wapi.

Wengine endeleeni, naendelea kusoma.